Kumuaga Sajini Bernadette, Aliyeimba Mahakamani

Mheshimiwa Meya wa Glasgow, Kamanda wa Polisi, Baba Paroko na Mchungaji mliokubali kuketi meza moja, ndugu wageni waalikwa, na wewe Sajini Bernadette Heffernan, ambaye leo unastaafu, na kuanzia kesho Jumamosi zako ni zako mwenyewe: habari za jioni.

Nimeombwa nimsifu askari, mimi wakili niliyejipatia riziki kwa kuwabana askari kizimbani. Nitajaribu.

Mnaikumbuka ile sheria iliyofanya nyimbo za chuki ya dini mpirani kuwa kosa la jinai? Mimi niliipinga, Bernadette aliitaka. Ndipo akashtakiwa Lachlan Tennant, shabiki wa timu yangu, ile ya Waprotestanti, mwanafunzi wa ualimu, eti aliimba wimbo wa kuwatukana Wakatoliki. Angetiwa hatiani, ualimu angeusikia kwa jirani. Askari mmoja alikwisha kuapa kwamba alimsikia. Shahidi wa pili, ambaye bila yeye kesi isingesimama kwa sheria yetu, alikuwa Sajini.

Kwa ujanja wangu wa kiwakili, nikamtaka auimbe wimbo wenyewe, mahakama ipime ubaya wake. Nilidhani ataona haya. Kumbe mama huyu ni wa kwaya! Aliuimba kwa sauti nyororo, ubeti baada ya ubeti, mpaka karani akawa anatikisa mguu na hakimu akamsihi aishie hapo.

Kisha akasema: "Mheshimiwa, wimbo huu waliuimba nje ya mlango wetu nikiwa mdogo, baba akatulaza sakafuni tusionekane dirishani. Nauchukia. Lakini huyu hakuuimba. Nilikuwa namtazama. Mdomo wake ulijaa pai."

Lachlan akaachiwa, na Sajini akanuniwa kazini mwaka mzima. Ni wangapi kati yetu tungesema kweli ya kumwokoa mtu wa upande wa pili, huku kidonda chetu kikiwa kibichi?

Jumamosi iliyofuata, ndani ya basi la mashabiki wetu, wimbo uleule ukaanza. Lachlan akawaomba waache. Mjomba wake Archie, mwenyekiti wetu, akamwambia, "Hutaki kuimba, shuka." Akashuka, mvua ikimnyeshea, akashika njia kwa miguu. Gari la polisi likasimama kando yake.

"Umefanya nini tena wewe?" Sajini akauliza.

"Nimekataa kuimba."

"Ingia."

Walipofika uwanjani, sisi tukamzomea Sajini, tukidhani amemkamata tena. Yeye akashuka taratibu, akamfungulia kijana mlango kama bwana harusi, akampa mkono mbele yetu sote. Zomeazomea ikafa.

Sheria ile ilikuja kufutwa, nami nikasherehekea. Wimbo haukufutika, nendeni uwanjani mtausikia. Ila ukianza ndani ya basi letu, Mjomba Archie, yule pale anayejifanya anatafuta uma, husimama akasema, "Imbeni ule wa kipa wetu mnene." Hakuna bunge lililomwamuru. Alimwona mpwa wake akipewa mkono na mtu aliyekuwa na kila sababu ya kuuficha.

Sajini, kwa niaba ya upande usiokuwa wako, tunakushukuru. Nanyi nyote, ahsanteni kwa kunipa masikio yenu.