Fundi Aliyejitegemea

Benchi lililo mbele ya kibanda cha fundi viatu lina miguu mitatu na tofali, na anayekaa upande wa tofali anashauriwa asicheke sana. Asubuhi ile alikaa hapo Sindano, fundi cherehani, na wala hakuwa na hamu ya kucheka. Mkewe alikuwa apasuliwe goti Jumatatu, na siku hiyo ilikuwa Jumatano, na bima walikuwa wamerudisha maombi kwa mstari mmoja tu. Kwa kuwa kahawa ilikuwa ya moto na wajuzi walikuwapo, akawasomea.

— "Mwanachama hawezi kuwa mtegemezi wake mwenyewe."

— Rudia hapo pa mtegemezi, alisema fundi viatu, aliyeitwa Profesa kwa sababu ya miwani.

Akarudia.

— Si unaona, alidakia Kinyozi, jirani yake wa kibanda cha pili. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Bima wanakuhurumia, hawataki ufe maskini.

— Mimi sijategemea ndugu. Nimetegemea bima.

— Na bima ni nani, kama si ndugu wa watu wengi?

Profesa akafuta miwani.

— Hapo kompyuta imeona Sindano wawili. Ulizaliwa pacha wewe?

— Mama hakuwahi kuniambia.

— Huwa hawasemi. Sasa pacha wako yuko mahali anatibiwa kwa kadi yako.

— Na mkewe keshapasuliwa goti, Kinyozi akaongeza. Jumatatu daktari akifungua faili atakuta mgonjwa alishapona. Atapasua nini?

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, Profesa alisema kwa huzuni.

— Goti si guu, bwana.

— Ndiyo maana mambo yamekwama. Wanasubiri guu zima.

Sindano akacheka bila kutaka, benchi likayumba. Lakini moyoni aliogopa. Kila asubuhi alimwona mkewe akitoka kitandani kwa kushika ukuta, na hakujua atamwambiaje asubiri tena.

Mama mmoja mwenye sare ya hospitali alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, akingoja kiatu chake kishonwe.

— Samahani, kaka. Kwenye fomu, pale pa mtegemezi, uliandika jina la nani?

— Langu.

— La mkeo je?

— Waliuliza mtegemezi, dada. Yule hanitegemei. Mimi ndiye ninayemtegemea. Nikasema ukweli.

Yule mama alicheka mpaka akashika bega la Profesa asianguke. Kumbe alikuwa karani wa bima pale hospitalini, na fomu yenye mahaba kiasi hicho hakuwahi kuiona. Mtegemezi, akawaeleza, ni yule anayetibiwa kwa bima yako, hata kama nyumbani yeye ndiye anayekubeba. Sindano akirekebisha jina leo, kibali kitatoka Ijumaa, na Jumatatu mkewe atapasuliwa kama ilivyopangwa.

Sindano alifurahi hadi akaagiza kahawa kwa wote, hata kwa Kinyozi aliyekuwa bado anamtafuta pacha.

— Njoo tu na cheti cha ndoa, alisema yule karani. Kiko wapi?

Sindano akatoa simu, akampigia mkewe amuulize kilipo.