Dorcas Apio na Dawa Iliyofia Mpakani

Waombolezaji mliotoka pande zote mbili za mpaka, tunayemzika leo ni Daktari Dorcas Apio, aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1979 huko Kiyeyi, wilaya ya Tororo, kifungua mimba wa Mama Loy na marehemu Mzee Eriku, na familia inaomba mtuvumilie historia hii ikisomwa kwa ukali, kwa sababu Dorcas hakufa kwa kukosa dawa, alikufa kwa dawa yake kufungiwa stoo.

Alisoma shule ya msingi Kiyeyi, sekondari Tororo mjini, kisha akachukua kemia chuo kikuu Kampala, na akiwa huko shangazi yake Maximilla aliugua saratani ya titi, akatiwa dawa iliyomnyonyoa nywele na kumlaza kitandani huku uvimbe ukizidi kukua, na tangu mazishi yale Dorcas hakutaka kazi nyingine. Mwaka 2011 alirudi Tororo akiwa mtafiti, akawa anawaeleza kina mama wa Molo, hukohuko Tororo, kwamba anatengeneza vichembe vidogo mno, ambavyo vikidungwa mshipani vinakwenda kuushika uvimbe peke yake, mionzi yake ikauonyesha kwenye picha, na mionzi hiyohiyo ikauunguza palepale ulipo.

Tarehe 8 Desemba 2012 alifunga ndoa na Clifford Ojiambo, mwalimu wa Masinya, wilaya ya Busia, wakajaliwa Cate na John Paul.

Oktoba 2023 akakutwa na saratani ileile ya shangazi yake, wenzake wa maabara wakataka kumtanguliza kwenye dawa hiyo, akakataa, akangoja zamu pamoja na wanawake wengine watatu. Dawa yao ilitiwa mionzi Nairobi ikafika Busia Jumatatu tarehe 11 Machi 2024, hati zote zimesainiwa, na mkubwa mmoja pale mpakani, ambaye familia imeshauriwa isimtaje, akaizuia. Dorcas alikwenda mwenyewe, ameshikwa mkono na mumewe.

“Mama, hiyo kitu ni bomu,” mkubwa alimwambia. “Lete barua ingine ya Kampala.”

“Afande, mionzi hii inapungua kila saa, usaini usisaini. Ukiiweka mpaka wiki ijayo, utatupa maji matupu.”

“Basi rudi wiki ijayo.”

Barua hiyo haimo katika sheria yoyote. Dawa iliachiliwa tarehe 20, nguvu imebaki chini ya nusu, haifai tena, na nyingine ilipopatikana Agosti saratani ilikuwa imeshaingia kwenye ini la Dorcas, akaisoma picha yake mwenyewe bila kusaidiwa, akawaambia wauguzi waanze na wagonjwa wenzake. Harriet wa Molo, mmoja wa wale watatu, aliyedungwa wa kwanza siku ile, amesimama pale nyuma, uvimbe wake umepungua. Dorcas alifariki nyumbani Masinya tarehe 6 Februari 2025.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Masinya waliompikia uji hata alipokuwa hawezi kuumeza, na wafanyakazi wenzake wa maabara, ila shada la maua lililoletwa jana na ile ofisi ya mpakani hatukulipokea, limerudi na gari lililolileta.

Pumzika kwa amani, Dorcas. Jumatatu dawa nyingine inafika Busia, na mama yako ameshasema atakaa pale langoni mpaka ipite.