Sisi Ishirini na Sita Tuliohesabiwa Mmoja

Mheshimiwa Mganga Mkuu, ndugu wataalamu mliokuja kuupima mradi, wauguzi, mama mpishi wetu, wabeba zege wenzangu, na zaidi ya wote wewe Sista wa zahanati yetu tunayekuaga leo, nawasalimu kwa heshima.

Shule niliishia darasa la tano, na tangu asubuhi nimebeba saruji, kwa hiyo maneno yakikwama mnivumilie. Wenzangu wamenisukuma mbele wakisema, "Nenda wewe, una mdomo." Sista anastaafu, na angestaafu kwa raha, lakini jana ripoti ilisomwa hapa hapa: mradi wa kutukumbusha dawa kwa simu umegharimu mno, wagonjwa ni wachache, heri ufungwe.

Wachache kweli? Kule kwenye jengo msimamizi hufungia simu zetu sandukuni mpaka jioni, kwa sababu mbili zilishazama kwenye zege. Inayobaki wazi ni ya mama mpishi. Basi kila aliyefika zahanati, akiulizwa namba ya simu, alitaja ya mama mpishi. Hatukujua kwamba kishikwambi cha zahanati humtambua mtu kwa namba yake. Ndani yake sisi ishirini na sita tukawa mgonjwa mmoja, mwenye kifua kikuu, presha, kisukari na kidonda cha msumari, na bado anabeba saruji. Mtu wa namna hiyo lazima awe ghali. Wataalamu siwalaumu.

Sista aligundua mapema. Kila jioni, kazi ikiisha, alikaa akatuandika upya kwa mkono kwenye daftari la shule, kila mmoja kwa jina analoitwa na wenzake. Saa hizo zake nazo ni gharama, na ripotini sikuzisikia. Jana alilitoa daftari lile. Mtaalamu mmoja akasema, "Mama, hili halimo kwenye mfumo." Sista akamjibu, "Hata wao hawamo, mwanangu, lakini wanakohoa."

Nami sitadanganya kwa sababu ni sherehe. Ujumbe ukiingia, mama mpishi aliusoma kwa sauti huku akipakua chakula: "Wa vidonge vya kifua, ameze. Wewe, usiangalie pembeni, nakuona." Watu wakacheka, kisha wakasogeza sahani zao mbali na yangu. Nikaacha dawa siku tano, nikafunga begi nirudi kwetu. Kwetu ni mbali. Ningefia njiani, na mke wangu angeendelea kungoja simu.

Mama mpishi ndiye aliyempigia Sista: "Wako mmoja hamezi." Bila ule ujumbe asingejua siku ya kuniangalia. Lakini je, ujumbe una miguu? Sista alikuja mwenyewe, matope hadi magotini, akakaa juu ya mfuko wa saruji, akavuta sahani yangu akala nami. Akauliza, "Baba, ulikuja huku kutafuta maisha au kuyaacha?" Nikameza. Tangu siku hiyo mama mpishi huja kuninong'oneza sikioni, ingawa kunong'ona kwake mnakujua.

Mheshimiwa, leo nilipokuwa naingia, pale mlangoni Sista hakuniomba nimsifu. Alisema, "Waambie wasiufunge, waurekebishe."

Ndugu zangu wa zege, najua kusimama mbele ya watu hawa ni kukiri kwamba uliumwa. Anayeona haya akae, na hakuna atakayemuuliza. Lakini uliyeandikishwa kwa namba ya mama mpishi, ukiweza, simama.

Taratibu, msiangushe viti. Na wewe wa nyuma, vua kofia uonekane.

Sista, watazame watu wako, kisha uende ukapumzishe miguu hiyo. Nanyi nyote, ahsanteni kwa kunitegea sikio. Sasa nanyamaza ili wataalamu wahesabu tena, na mimi wasinisahau, maana nilikuwa nimeshasimama.