Ghati Werema, Aliyekataa Watoto Wagawanywe

Wazee wetu, shikamooni, na ninyi nyote mliokanyaga tope hili kuja Morotonga, poleni na asanteni. Mimi ni Robi Werema, mdogo wake marehemu, naishi Sirari, na familia imenipa kazi ya kusoma maisha ya dada yangu, wakanisihi nisome kwa kifupi na nisiseme maneno makali, kifupi nitajaribu.

Ghati Werema alizaliwa tarehe 4 Machi 1971 kijijini Nyangoto, wilaya ya Tarime, akasoma shule ya msingi hapo hapo hadi alipomaliza darasa la saba mwaka 1985, na kwa kuwa enzi zile msichana akimaliza darasa la saba kinachofuata ni ng'ombe wa mahari, hakuendelea. Aliuza mitumba Sirari mpaka tarehe 17 Julai 1993, alipofunga ndoa na Simioni Nchagwa, fundi seremala wa hapa Morotonga, ndoa njema, ila Mungu hakuwajalia mtoto. Simioni alipofariki mwaka 2013, wazee wa upande wa mume walimtaka aoe mwanamke wa kumzalia, kama mila yetu ya nyumba ntobu, ya mwanamke kumwoa mwanamke mwenzake, inavyoruhusu, akakataa, akarudi Nyangoto kuwapikia wachimbaji wadogo wa dhahabu.

Huko ndiko alikojuana na Masele na mkewe Ng'washi, Wasukuma waliokuja kutoka Shinyanga kufuata dhahabu, watu wapole, wateja wake wa kila siku. Masele alifukiwa na kifusi shimoni mwaka 2017, Ng'washi akafa kwa homa Februari 2019, wakabaki Theodora wa miaka tisa, Faustine wa miaka sita, na Juliana ambaye hata kuongea alikuwa bado, na ndugu zao wa Shinyanga walitafutwa hawakupatikana. Loo, watu walivyojitokeza! Mmoja alimtaka Theodora peke yake, amlelee mtoto na baadaye amletee ng'ombe, mwingine alimtaka Faustine akachunge, na Juliana hakuna aliyemtaka, maana alikuwa anakohoa. Ghati alienda ofisi ya ustawi wa jamii akasema anawataka wote, hamwachi hata mmoja, na tarehe 22 Machi 2019 akawaleta hapa, kwenye nyumba aliyoachiwa na mumewe, kwa malezi ya kambo.

Brayan, afisa wa ustawi, alipokuja kukagua, alimwambia kwamba familia nyingine ya kupokea watatu kwa mpigo hana, kwa hiyo mlezi akishindwa, itabidi watoto wagawanywe nyumba tatu. Neno hilo lilimfunga dada yangu kama ng'ombe kwenye kigingi. Tangu siku ile hakulala nje ya nyumba hii, mama yetu alipofariki Nyangoto alikwenda akazika akarudi jioni ile ile, watu wakasema ana roho ngumu, harusi ya mwanangu hakuja, nikamnunia mwaka mzima. Simu ikiita kwa namba asiyoijua, hapokei. Watoto nao walijifunza kuficha homa, na Theodora alimkataza Faustine asilie hata akichapwa shuleni, wasije wakasema mama ameshindwa.

Januari 2024 aliona uvimbe kwenye titi, zahanati wakamwambia aende hospitali ya rufaa Mwanza, akalazwe, naye hakwenda wala hakumwambia mtu, akawa anajifunga kanga mbili na kutuambia ni baridi. Alipokubali kupelekwa hospitali Mugumu, mwezi uliopita, alikuwa wa kubebwa, na Ijumaa tarehe 11 Aprili 2025, saa nne asubuhi, alifariki dunia. Juzi nilimuuliza Brayan angefanya nini kama angejua, akaniambia huku machozi yakimtoka kwamba angeniandika mimi nikae na watoto mpaka dada arudi, kazi ya siku moja. Siku moja, jamani! Ghati, kwa nini hukuuliza? Nina hasira na wewe, na ninalia.

Kikao cha ukoo cha jana kilitaka nisome kwamba marehemu hakuacha mtoto, kwamba shemeji Erasto, ndugu yake Simioni, atamchukua Theodora, na hao wawili ustawi watajua pa kuwapeleka. Shemeji, nakuheshimu, lakini Theodora ana miaka kumi na mitano, na hakuna asiyejua kwa nini unamtaka yeye tu. Basi nasoma mbele ya watu wote: marehemu ameacha watoto watatu, Theodora, Faustine na Juliana, na Brayan ameshaandika jina langu. Sharti ni wabaki hapa kwenye shule zao, kwa hiyo Sirari sirudi, kibanda changu cha biashara nimemwachia mtu, mume wangu amekasirika, na sitawadanganya kwamba nimefurahi, maana tangu jana naogopa hata kukohoa mbele ya wageni.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliopika na kukesha nasi, akina mama lishe wenzake, na wachimbaji mliotoka Nyangoto mkachimba kaburi hili kwa mikono yenu.

Pumzika kwa amani, dada. Leo watalala wote watatu nyumba moja, na mlango nitaufunga mimi.