Mfungo Ambao Mama Jecinta Natabo Hakuulegeza

Mama Jecinta Natabo, tunayemzika leo Jumamosi, tarehe 21 Machi 1987, hapa shambani kwake Burat, nje ya mji wa Isiolo, alizaliwa Leparua mwaka 1926, binti wa mfugaji Mzee Ekeno. Alizaliwa njiani, mifugo ikihamishwa, na mama yake alizoea kusema kwamba ndiyo maana mtoto huyo hakujua kukaa chini. Hata chai aliinywa akiwa amesimama.

Mwaka 1940 mjomba wake alimpeleka kwa masista wa misheni moja upande wa Meru. Huko alijifunza kusoma, katekisimu na kushona kwa cherehani, akabatizwa Pasaka ya mwaka 1943. Masista walimfundisha kwamba anayetaka kukomunika, yaani kupokea Ekaristi, haonji chakula wala tone la maji tangu saa sita ya usiku. Kwa msichana wa nchi ya jua kali, kuacha maji lilikuwa jambo zito, naye alilishika kama kiapo.

Tarehe 12 Februari 1949 alifunga ndoa na Mzee Yosefu Ebei, mfanyakazi wa karantini ya mifugo Isiolo. Misa ilichelewa hadi jua likawa utosini. Bwana harusi aliponyoosha mkono amtoe kanisani, bibi harusi alimwambia kwanza amletee maji. Mzee bado hucheka akisimulia.

Walijenga Bulla Pesa, mtaa wa mji wa Isiolo, wakajaliwa watoto watatu, Nanok, Akiru na Emuria. Mama alishona sare za shule, na jioni alifundisha watoto wa Komunyo ya kwanza. Kisha zikaja amri za Papa. Mwaka 1953 maji yaliruhusiwa, mwaka 1957 mfungo ukapunguzwa hadi muda wa saa tatu, na mwaka 1964 ukabaki saa moja. Wengi walishukuru. Mama alikasirika. Alisema Kanisa likipunguza njaa leo, kesho litapunguza imani, na Kilatini kilipoondolewa na altare kugeuzwa kuelekea watu, alijiona ametabiri.

Aliendelea kufundisha mfungo wa zamani. Mwaka 1972, siku ya Komunyo ya kwanza, binti wa jirani alizirai kanisani. Mama alimshonea gauni jipya, akaenda kumwomba radhi mtoto huyo na wazazi wake. Padri Gatakaa, paroko kijana kutoka Meru, alimwita na kumsihi afuate amri mpya.

“Fadha,” Mama alimjibu, “aliyesema nifunge tangu usiku ni Papa. Aliyesema nile asubuhi ni Papa. Mimi nimtii yupi?”

“Aliye hai, mama.”

“Na yule aliyekufa alikuwa anakosea?”

Padri alimpa mtu mwingine darasa lake. Tangu hapo Mama alikuwa mtu wa safari. Alikwenda Meru, Nyeri, mpaka Marsabit, akitafuta padri mzee wa kumwambia kwamba hana kosa. Kila mmoja alimwambia atii. Alirudi na vumbi, akashona kidogo, akaondoka tena, na Mzee Ebei akazoea kujipikia.

Mwaka 1977 alipatikana na ugonjwa wa sukari. Daktari alimwagiza ale kila siku mapema, pamoja na dawa. Kwa amri mpya angeweza kula na bado akakomunika. Mama alikula kama alivyoagizwa, akaacha kukomunika. Kila Jumapili wengine wakijipanga foleni, yeye alitoka nje akatembea huku na huku kando ya ukuta mpaka wimbo wa mwisho. Rafiki yake Bi Habsa, mwenye duka, alimkumbusha kwamba hata Ramadhani mgonjwa huruhusiwa kula.

“Nyinyi mnailipa baadaye,” Mama alisema. “Mimi nitailipa lini?”

Januari mwaka huu figo zake zilishindwa. Daktari aliwaambia jamaa kwamba hakuna tumaini, nao wakakubaliana kumficha. Walimwambia ni malaria kali, itapita. Jumatatu tarehe 16 Machi Padri Gatakaa alifika wodini na Komunyo, akamkuta ndiyo kwanza amemaliza uji. Mama aligeuza uso, akasema amekula. Kisha akamtazama mumewe. Ile sheria ya zamani, aliyowafundisha watoto wa watu, ilimruhusu mtu aliye karibu na kifo kukomunika bila kufunga.

“Baba Nanok, usinidanganye. Mimi nakufa?”

Binti yake Akiru alianza kusema hapana. Mzee alimshika mkono anyamaze.

“Ndiyo, Mama Nanok. Unakufa.”

Mama alishusha pumzi. “Basi, Fadha, njoo.”

Alikomunika, mara ya kwanza baada ya miaka kumi. Hakusema kama ameikubali amri ya Papa, na Padri hakumuuliza. Baadaye aliwatazama watoto wake mmoja mmoja.

“Mngeniambia Januari,” alisema, “ningekomunika tangu Januari.”

Alifariki kesho yake, Jumanne, saa nne asubuhi, Mzee akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume wake, Mzee Yosefu Ebei, watoto wake Nanok, Akiru na Emuria, wajukuu saba, na Bi Habsa, aliyekuwa kwake kama dada.

Mungu ampe Mama Jecinta pumziko lenye amani.