Kimono cha Mama Chizuru

Habari za jioni, wasikilizaji wapendwa. Leo tunamkumbuka Bi Shigeno Kuwabara, mvalishaji kimono wa mji wetu wa Kazemori. Ametutoka wiki iliyopita, miti ya micheri ikiwa ndiyo kwanza inachanua. Na niseme mapema: sikuja hapa kupoza mambo. Marehemu mwenyewe hakuyapoza.

Bi Shigeno alilelewa makao ya yatima, kisha akafiwa na mume mapema. Hakuwa na mama wala mama mkwe wa kumfundisha kuvaa kimono. Asubuhi ambayo binti yake Chizuru alikuwa anaingia darasa la kwanza, alijivalisha peke yake mbele ya kioo. Kwenye kioo alifanana kabisa na wanawake wengine. Kioo kilimdanganya. Alikuwa ameweka upande wa kulia juu ya wa kushoto. Wa kulia juu, wasikilizaji! Hivyo tunamvika maiti.

Getini wazazi walikuwa wamepanga foleni ya kupiga picha. Bi Fusako Anzai, mke wa mwenye kiwanda cha sosi ya soya, akapaza sauti: "Jamani, Mama Chizuru! Umekuja shuleni au umetoka kwenye jeneza?"

Watu wakaangua kicheko. Hakuna aliyemvuta pembeni akamrekebishia. Hata mmoja.

Ukumbini majina yakaanza kuitwa. Chizuru alikuwa amefanya mazoezi wiki nzima, mkoba mpya mgongoni, akiitika "Ndiyo!" mpaka majirani wanamjibu. Jina lake likaitwa. Kimya. Likaitwa tena. Kimya.

"Mama hakulia," Chizuru ameniambia. "Alikunja kile kimono, akasema, 'Yule atakuja kwangu na shida yake. Nitamngoja.'"

Akajifunza kuvalisha. Akawa fundi wetu. Kila Aprili, jua halijachomoza, mama za watoto wapya walijaa mlangoni kwake. Na siku moja, miaka mingi baadaye, kweli, akaja Bi Fusako. Mjukuu wake alikuwa anaingia shule, na mke wa mwanawe alitaka kuvalishwa.

"Nitamvalisha bure," Bi Shigeno akamwambia. "Kwanza ukamwombe Chizuru radhi, palepale getini ulipocheka."

"Makubwa! Mambo ya zamani hayo, Mama Chizuru. Ulikuwa utani tu."

"Basi mkweo naye akavae utani."

Mkwe akavalishwa na mtu wa mji mwingine. Katikati ya wimbo wa shule mshipi wa kimono ukamfunguka. Bi Shigeno alikuwa kasimama nje ya geti, anakula zake dango, vile vidonge vitamu vya unga wa mchele, anatazama. Alifurahi, na hakuficha.

Lakini radhi haikuombwa. Mpaka Bi Shigeno anafumba macho, radhi haikuombwa.

Kwenye mazishi nilikuwepo. Bi Fusako alikuja na fimbo yake, akainama juu ya jeneza, akashtuka. "Mmekosea! Kushoto kuko juu, kama mtu aliye hai! Nani kamvalisha? Wewe, Chizuru?"

"Ndiyo!"

Ndiyo hiyo ilisikika mpaka barabarani.

"Mama aliniagiza hivi. Alisema wewe ndiye utakayeona wa kwanza. Akasema nikwambie: kimono cha maiti alishakivaa, siku ile getini. Leo anaondoka amevaa kama watu."

Bi Fusako akaanza kuitafuta fimbo yake, na fimbo anayo mkononi. Safari hii hakuna aliyecheka. Mimi nilitamani sana.

Pole Chizuru, poleni wajukuu na wote aliowavalisha. Wiki ijayo watoto wetu wanaingia darasa la kwanza. Ukimwona mama amekosea kuvaa, mvute pembeni, mrekebishie, mwende zenu ukumbini. Hebu tujiulize wangapi kati yetu tulisimama kwenye foleni ile, tukacheka.

Na wewe, Bi Fusako, najua redio yako iko wazi saa hizi. Geti bado liko palepale. Chizuru hupita hapo kila asubuhi.