Sinia la Nadhira

ZEYANA: Haloo? Nani mwenzangu?

UBWA: Mie.

ZEYANA: Mie nani? Namba hii siijui.

UBWA: Mie Ubwa, mwalimu mkuu wako. Simu yangu imezima, hii nimeazima kwa karani hapa ofisini mjini.

ZEYANA: Aa, Mwalimu. Shikamoo.

UBWA: Marahaba. Uko wapi?

ZEYANA: Nshafika Chwaka. Watoto nshawashusha, kila mmoja kwao. Mkutano umekwenda vipi?

UBWA: Mkutano uache. Mwalimu Zeyana, leo umenivua nguo mbele za watu.

ZEYANA: Nnasikia mikwaruzo tu, rudia —

UBWA: Umenivua nguo, nnasema. Nimekaa na walimu wakuu wenzangu, mara simu inapita mkono kwa mkono, watu wanacheka. Kutazama, video. Mtoto wa skuli yangu, Nadhira, anaongoza mbio za mita mia nane. Kawaacha wote. Kufika karibu na mstari, anachutama. Anachutama, Mwalimu, kama mtu anayengoja zamu bombani.

ZEYANA: Nilimuona. Nilikuwepo.

UBWA: Wa skuli nyengine kampita, kachukua kikombe. Na wewe ulikuwa wapi?

ZEYANA: Pale pale mstarini.

UBWA: Hukumwambia avuke?

ZEYANA: Sikumwambia.

UBWA: [Anavuta pumzi.] Haya. Nnauliza kwa uzuri. Mtoto aliumwa?

ZEYANA: Hakuumwa.

UBWA: Alikatika pumzi?

ZEYANA: Pumzi anazo mpaka kesho. Alikuwa anawangoja wenziwe wa sinia lake.

UBWA: Ndiyo hiyo michezo yako ya masinia.

ZEYANA: Ndiyo hiyo. Watano watano. Wanakimbia pamoja, wanavuta kamba pamoja, wanabebana, na hakuna aliyemaliza mpaka wa mwisho wao amemaliza. Zamani kipindi changu cha michezo wanane wanakimbia, wengine wote wamekaa chini wanakula embe mbichi kwa chumvi. Sasa hakuna anayekaa.

UBWA: Na vikombe navyo hakuna.

ZEYANA: Nikuulize, Mwalimu. Ukiwa harusini, mmekaa watu watano kwenye sinia, wewe ukashiba mwanzo. Unanyanyuka?

UBWA: Usinifundishe kula.

ZEYANA: Nnauliza tu.

UBWA: Sinyanyuki. Nadonoa donoa mpaka wenzangu washibe. Nikinyanyuka, na wao watanyanyuka kwa haya, na njaa zao. Nani asiyejua hilo? Lakini mbio si pilau, Zeyana.

ZEYANA: Kwa Nadhira ni —

UBWA: Mbio si pilau, nshasema. Hukuwaambia kuwa leo ni mashindano?

ZEYANA: Niliwaambia. Leo kila mtu akimbie kivyake, asimngoje mtu. Wakaitikia ndiyo Mwalimu, wote kwa sauti moja. Hapo hapo nikajua wananiitikia kwa adabu tu. Mwaka mzima nawafundisha hivi, nitaufuta kwa dakika mbili?

UBWA: Basi nitaufuta mie. Sikiliza. [Mikwaruzo.] ...paredini, kesho —

ZEYANA: Unakatika.

UBWA: Nnasema kesho asubuhi paredini Nadhira atasimama mbele ya skuli nzima, ataomba radhi. Atasema mwenyewe: nimekosa, nimeiangusha skuli, kungoja ni makosa. Na wewe ndiye utakayemshika mkono umtoe mbele.

ZEYANA: Simtoi.

UBWA: Umesemaje? Huu mtandao —

ZEYANA: Mtandao mzima. Nimesema simtoi.

UBWA: Bibi wee, unajua unasema na nani?

ZEYANA: Nnajua. Ndiyo maana nimekuamkia kwanza.

UBWA: Mchelea mwana kulia hulia yeye.

ZEYANA: Nadhira hana kosa la kulizwa. Kafanya nilichomfundisha, na kakifanya mahali pagumu kuliko pote. Mie mwenyewe sijui kama ningeweza. Ukitaka wa kuomba radhi, nisimamishe mie, na mie siombi.

UBWA: Naweza kukuhamisha, unajua?

ZEYANA: Nihamishe. Nipeleke Makunduchi, nipeleke Fumba. Watoto wa huko nao wanakula sinia moja.

UBWA: Ebo. Leo umekula nini wewe?

ZEYANA: Tangu asubuhi, mkate wa kumimina kipande kimoja. Sijapata nafasi.

UBWA: [Kwa mtu mwengine: Nakupa, bwana, nakupa, dakika moja.] Karani anaitaka simu yake. Haya, hao aliokuwa akiwangoja, nitajie. Na wao watasimama.

ZEYANA: Wamekosa nini? Wao walikuwa wanakimbia.

UBWA: Nitajie.

ZEYANA: Zuleikha. Mwanakheri. Mwatum.

UBWA: Hao watatu, na Nadhira wa nne. Sinia si watu watano?

ZEYANA: [Kimya.]

UBWA: Haloo?

ZEYANA: Nipo.

UBWA: Wa tano nani?

ZEYANA: Hiyo video uliyoonyeshwa, imeishia wapi?

UBWA: Imeishia pale yule wa skuli nyengine anapovuka. Usinizungushe.

ZEYANA: Ungeiona yote usingeniuliza.

UBWA: Zeyana, wa tano nani?

ZEYANA: Ulfat.

UBWA: Ulfat yupi?

ZEYANA: Skuli yetu ina Ulfat mmoja tu, Mwalimu. Mjukuu wako.

[Mikwaruzo.]

UBWA: Ulfat hakimbii.

ZEYANA: Anakimbia.

UBWA: Ulfat mzito. Nilikwambia tangu skuli ilipofunguliwa, muweke kivulini alinde viatu vya wenziwe. Nilimuonea huruma mtoto. Watamcheka.

ZEYANA: Ulinambia, nikamuweka, na naona haya kwamba nilikubali. Akakaa na viatu vyake. Siku moja Nadhira kaja, kavisomba viatu vyote kavitia kwenye kikapu, kamwambia, havikimbii hivi, havina haja ya mlinzi, njoo tuna pengo. Tangu siku ile hajakaa tena.

UBWA: Na mie sikuambiwa.

ZEYANA: Alisema babu akijua atamkataza. Alikosea?

UBWA: Nilikwambia upeleke watano wenye mbio.

ZEYANA: Nimepeleka watano. Wote wana mbio, kila mtu na zake.

UBWA: Usinichezee. Walimcheka?

ZEYANA: Mwanzo walicheka. Raundi ya pili wa skuli nyengine wote washamaliza, wanakunywa maji, yeye yuko upande wa kule wa kiwanja peke yake. Watu wanakunja viti, wenye magari wanawasha. Wale wanne wa sinia lake wamechutama mstarini, hawapigi kelele, wanamtazama tu.

UBWA: Akatembea.

ZEYANA: Hakutembea.

UBWA: Raundi zote mbili?

ZEYANA: Zote mbili, Mwalimu. Uso umemuiva, kanga ya kichwani imemteremka mpaka shingoni, lakini miguu inakwenda. Alipofika wakanyanyuka, wakashikana mikono, wakavuka wote kwa pamoja. Nililia mbele za watu, na sioni haya kukwambia.

UBWA: Kutoka hapa mpaka kiwanja cha Mnazi Mmoja mlikokimbia ni kutembea tu.

ZEYANA: Nnajua.

UBWA: Ningeweza kutoka mara moja nikarudi. Mkutano wenyewe ulikuwa wa maneno yale yale.

ZEYANA: Nnajua, Mwalimu.

UBWA: [Anakohoa.] Lakini neno nshalitoa. Nimewaambia wenzangu hapa kuwa kesho mtoto ataomba radhi. Nikirudi nyuma sasa watasema ni kwa sababu ya mjukuu wangu.

ZEYANA: Waseme.

UBWA: Kwako rahisi —

ZEYANA: Si rahisi. Mshahara wangu ndio unaomlisha mama yangu. Lakini Nadhira simtoi. Ukimtaka, mtoe mwenyewe. Mshike mkono, muulize mbele ya skuli nzima alikuwa anamngoja nani. Atakujibu, mtoto yule haogopi. Na Ulfat atakuwa kwenye mstari wa darasa lake, anakusikiliza.

[Kwa mbali, mtu anagonga meza.]

UBWA: Zeyana.

ZEYANA: Naam.

UBWA: Ulfat sasa hivi yuko wapi?

ZEYANA: Nyumbani kwako. Nimemfikisha mpaka mlangoni. Bibi yake kamwekea chakula, mwenyewe kasema hali mpaka babu arudi.

UBWA: Kasema hivyo?

ZEYANA: Kwa mdomo wake.

UBWA: Gari za Chwaka saa hizi... [Mikwaruzo.] Huyu karani keshasimama juu yangu. Anasema salio linakwisha.

ZEYANA: Na kesho, Mwalimu?

UBWA: Paredi ipo. Kama kawaida.

ZEYANA: Hilo silo nililouliza.

UBWA: Paredi ipo, nimesema, mengine —

ZEYANA: Basi nawe unisikie. Ukimwita Nadhira, watatoka watano. Washaambiana kwenye gari, mie nimewasikia na sikuwakataza. Na mie nitatoka nao. Tutasimama sita.

UBWA: Zeyana, ngoja kwanza, mwambie Nad —

ZEYANA: Nimwambie nini? Haloo? Mwalimu?

[Simu imekatika.]

ZEYANA: Sita, Mwalimu. Hata kama hunisikii.